Nilimpokonya mama mtu mzima mche wa nyanya, kisha ukanifia

Bibi Miche, shikamoo.

Huwa nasoma majibu unayowapa wenzangu, na mara nyingi nacheka. Leo zamu ya kuchekwa ni yangu.

Wapenda bustani wa kwetu wana gulio la miche mara moja kwa mwaka, asubuhi moja tu. Kila mmoja huleta alichootesha nyumbani: nyanya, maua, mimea ya ndani, miti ya matunda kwenye viriba. Fedha zinazopatikana zinaendesha bustani ya jumuiya. Ni jambo la heri, lakini lango likifunguliwa utadhani tunakimbizwa na nyuki. Watu wazima wenye heshima zao wanapigana vikumbo. Nami nimo.

Mwaka jana nilikwenda bila orodha. Nikiona mtu ameshika kitu, nami nakitamani hicho hicho. Nilirudi na miche 23, ilhali nina kibaraza cha hatua sita na kipande kidogo cha ardhi nyuma ya nyumba. Baada ya miezi mitatu ilikuwa imebaki 9. Mume wangu sasa anakiita kibaraza kile makaburini. Nilimwagilia kila siku, Bibi, asubuhi na jioni, wala sikusahau hata mara moja. Mingine iliungua majani siku ya pili tu nilipoiweka juani. Mmoja niliouziwa kwa jina la yasmini umekuwa kichaka kikubwa; mchana haunuki chochote, usiku unanuka mpaka tunafunga madirisha. Na kuna mmea mzuri wa majani mapana uliokuja na vitu vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani. Nilidhani ndio urembo wake. Sasa pamba hiyo imehamia kwenye mimea yangu ya zamani.

Hayo yote ningeyameza. Kilichonifanya niandike ni hiki.

Kwenye meza ya nyanya palikuwa na mche mmoja mrefu kupita yote, una maua, tena una vitunda viwili vya kijani tayari. Mama mmoja mtu mzima alikuwa ameshika ukingo wa chungu chake. Nikaingiza mkono kutoka upande wa pili, nikakinyanyua, nikasema, "Samahani mama, nilikiona mimi kwanza." Uongo mtupu. Yeye akaachia, akasema, "Chukua tu, mwanangu," akatabasamu kidogo. Tabasamu lile halijanitoka. Mche wenyewe ulipukutisha maua, vile vitunda viwili vikaiva vikiwa saizi ya gololi, kisha ukadumaa pale pale, ukanyauka, ukafa.

Nimekuja kujua kwamba mama yule ni mmoja wa waoteshaji wa siku nyingi wa gulio hilo. Tukikutana njiani tunasalimiana, nami natazama viatu vyangu. Gulio la mwaka huu limebaki wiki tatu. Kwa nini miche inanifia? Katika vurugu ile mtu ananunuaje kwa akili? Na yule mama nimfanyeje? Nimewaza hata kutokwenda kabisa.

Kitu pekee ninachojivunia ni Sansevieria ya siku ile ile, ile ya majani marefu magumu kama mapanga, yenye kingo za njano. Imejaa chungu kizima. Ila hata hiyo nilikata jani nikalichomeka, likatoa mtoto wa kijani kitupu, hana njano hata chembe. Mpaka mmea usiokufa nao umenishinda?

Mnunuzi wa Pupa

*

Marahaba, mjukuu wangu.

Nianze na ule mche wa nyanya, kwa sababu ndio uliokuvua heshima, na kwa sababu ndio uliokuwa mche mbaya kuliko yote pale mezani.

Najua unashangaa. Una maua, una matunda, utakuwaje mbaya? Tazama chungu chake. Mche wa kimo kile ukiwa ndani ya chungu kidogo, mizizi yake ilishamaliza udongo zamani. Imefika ukutani, ikageuka, ikaanza kuzunguka, ikajisokota kama kamba kwenye gurudumu. Mmea uliokosa nafasi huharakisha kuacha mbegu kabla mambo hayajaharibika zaidi, na maua uliyoyaona yalikuwa haraka hiyo. Halafu ukauchukua ukauhamishia ardhini, ukautaka ujenge mizizi mipya na papo hapo unyonyeshe vitunda viwili. Haukuweza yote mawili. Ukalea vile viwili mpaka vikawa gololi, ukaishia hapo.

Kama ningekuwa karibu ningekwambia uvikate vitunda vile na maua yote siku ya kupanda, ulegeze mizizi kwa vidole, kisha uuzike mche mpaka karibu na majani ya juu. Shina la nyanya likifukiwa huota mizizi kila mahali, ndiyo maana mche wa nyanya uliorefuka ovyo bado una matumaini. Lakini usije ukayafanya hayo kwa mti wa matunda! Mti ukifukiwa shina huoza, na kama ni wa kubebesha, lile kovu la mahali ulipounganishwa lazima libaki juu ya udongo. Nimeona watu wakilifukia kwa kudhani ni kidonda wanakificha.

Mche wa kuchukua ulikuwa mmoja wa wale wafupi uliowaruka. Kimo cha shubiri moja hivi, shina nene kama penseli, majani ya kijani kilichokoza, bila ua hata moja. Ulionekana mtoto kando ya lile jitu, lakini baada ya mwezi ardhini ungelipita. Na kabla ya kuuweka kwenye boksi lako unakigeuza chungu utazame matundu ya chini. Ukiona nyuzi chache nyeupe zinachungulia, mche umekomaa na uko tayari. Ukiona mkeka wa mizizi ya kahawia uliobana matundu yote, rudisha mezani. Usipoona mzizi wowote na mche unayumba kwenye udongo wake, huenda ulihamishiwa humo jana ili uonekane mkubwa. Kazi hii yote ni ya nusu dakika, hata ukisukumwa.

Sasa hao 14 waliokufa. Umesema ulimwagilia asubuhi na jioni bila kusahau, na umeyasema hayo kama mtu anayejitetea. Mjukuu wangu, hicho ndicho ninachokishuku kwanza. Mizizi inahitaji hewa kama inavyohitaji maji. Udongo ukilowa muda wote, hewa inakimbia, mizizi inaoza, na mmea uliooza mizizi hunyauka sawasawa na mmea wenye kiu. Nawe ukiuona umenyauka unauongezea maji. Chomeka kidole kwenye udongo mpaka kifundo cha pili. Pakiwa na unyevu huko chini, weka ndoo chini uende zako. Na miche 23 ya aina tofauti haiwezi kunywa ratiba moja. Sansevieria yako imepona kwa sababu inavumilia mengi, hata wewe.

Walioungua majani walikuwa wamelala kivulini. Mche uliokulia dirishani au chini ya wavu una majani laini ambayo hayajawahi kuonja jua la mchana. Ukiuweka juani ghafla, majani yanababuka yanakuwa meupe kama karatasi. Kwa hiyo muulize muuzaji swali moja, nami nalipenda kuliko maswali yote ya gulioni: "Huu ulikuwa unalala wapi?" Akikujibu nje, tena wiki nzima, umepata mche uliokwisha kuzoeshwa. Akisema ndani, bado unaweza kuununua, ila kazi ya kuuzoesha imekuwa yako: saa moja ya jua la asubuhi siku ya kwanza, kesho yake ongeza kidogo, na hivyo hivyo kwa siku 7 hadi 10. Kisha upande jioni au siku ya mawingu. Na njiani kutoka gulioni usiiache miche ndani ya gari lililofungwa juani wakati unapiga soga. Nayasema haya kwa sababu mimi mwenyewe nilishapika miche yangu namna hiyo.

Ile pamba ya kwenye makwapa si urembo. Hao ni vidung'ata, wadudu wanaofyonza utomvu huku wamejifunika nta nyeupe. Leo hii tenga kila mmea ulioguswa. Chukua kijiti chenye pamba, chovya kwenye spiriti, mguse mdudu mmoja mmoja, na urudie kila baada ya siku chache kwa sababu mayai yanabaki yamefichika. Mmea uliojaa kabisa, hata kwenye mizizi, utupe. Usinionee haya, utupe tu.

Mwaka huu usinunue mmea ambao hujautazama chini ya majani. Juu ya jani ni pa kuonyesha wageni. Chini ndipo wanapokaa vidukari, nzi weupe na vile vidoa vinavyotembea, ambavyo ni utitiri. Utikise mmea kidogo: wingu dogo jeupe likiruka, hao ni nzi weupe, na mmea unabaki kwa mwenyewe. Halafu hata ulioukagua usiuchanganye na wengine ukifika nyumbani. Uweke peke yake wiki mbili. Wiki mbili nimezihesabu: kidukari jike huzaa bila dume, na mtoto wake huweza kuanza kuzaa baada ya siku 7 hadi 10. Mdudu mmoja uliyemkosa gulioni, kabla wiki mbili hazijaisha atakuwa na ukoo unaoonekana kwa macho.

Usidhani haya ni makuu ya bibi kizee. Mwaka 2009, kaskazini-mashariki mwa Marekani, ugonjwa wa bakajani chelewa uliangamiza nyanya za watu wengi mapema kuliko kawaida, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa miche iliyoambukizwa kuuzwa madukani ikasambaa kwenye bustani za majumbani. Ni ugonjwa ule ule ulioteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Kwa hiyo mche wa nyanya wenye mabaka ya kahawia au meusi yaliyolowa kwenye jani au shina, usiuchukue hata ukipewa bure, na mnong'oneze mwenye meza autoe.

Kuhusu hiyo yasmini yako: sijaiona, lakini kichaka kinachonyamaza mchana na kunukia usiku mpaka madirisha yafungwe kinafanana sana na Cestrum nocturnum. Watu wengi hukiita yasmini ya usiku, ingawa si yasmini hata kidogo; kiko kwenye ukoo mmoja na nyanya zako. Tena kina sumu, hasa vile vitunda vyeupe. Kama kuna watoto au wanyama hapo nyumbani, fikiri mara mbili kama unakihitaji. Yasmini yenyewe jina lake la kisayansi huanza na Jasminum, kwa mfano Jasminum sambac. Majina hayo ya maneno mawili, ambayo Carl Linnaeus wa Uswidi aliyatumia kwa mimea yote aliyoiorodhesha mwaka 1753, si ya maprofesa peke yao. Yanamfaa mtu kama wewe aliye mbele ya meza yenye vyungu vitatu vyote vimeandikwa "yasmini". Kibandiko kikikosa jina hilo, muulize aliyeotesha, "Mama yake umemwona? Unafika kimo gani?" Mtu aliyekata kipandikizi kwenye mmea wake mwenyewe atakueleza hata harufu yake. Aliyeuokota mahali atakuna kichwa.

Turudi kwenye vurugu. Una wiki tatu, zinatosha. Nenda kwenye kibaraza chako na kile kipande cha nyuma, simama hapo asubuhi, adhuhuri na alasiri, uandike jua linafika wapi. Kisha hesabu, bila kujidanganya, vyungu vingapi vinakaa pale bila kubanana. Nadhani hazitafika 23. Idadi utakayoipata ndiyo idadi ya miche utakayobeba, na boksi utakalokwenda nalo liwe la kutosha hiyo tu. Boksi dogo lina adabu kuliko nafsi. Beba na kalamu isiyofutika, kwa sababu vibandiko huchomoka kwenye msukumano, na ukifika nyumbani pilipili zote zinafanana.

Kwenye orodha yako chagua kitu kimoja cha kukimbilia. Kimoja. Kile ambacho wameotesha wachache na wewe una mahali pake. Lango likifunguliwa nenda moja kwa moja kwenye meza hiyo, kikague, kilipie, halafu toka kwenye msongamano ukasimame pembeni. Vilivyobaki kwenye orodha ni vya kawaida, havitaisha katika robo saa ya kwanza, na vikiisha hutakufa. Nusu ya unavyoviona mikononi mwa watu wakati huo hata wao hawavitaki. Wamevishika kwa sababu mwenzao alivishika. Wewe umekiri mwenyewe, nami nakupongeza kwa hilo.

Mimi wakati ninaoupenda ni ule wa mwishomwisho, watu wamepungua na waoteshaji wamekaa kwenye viti wanafuta jasho. Hapo meza zina matobo, ni kweli, lakini midomo imefunguka. Utaambiwa mche gani hauvumilii upepo, nani ana mbegu za mwaka juzi, na kwa nini mnanaa usiupande ardhini bila kuuzuia, maana mizizi yake itatembea mpaka kwa jirani. Mara nyingi utapewa na kitu mkononi, kwa kuwa hakuna anayetaka kurudi nacho nyumbani.

Na sheria ya mikono, kwa vile hakuna aliyekufundisha: chungu kilichoguswa na mwenzako ni chake mpaka atakapokiachia mwenyewe. Kilicho ndani ya boksi la mtu hakiombwi wala hakisifiwi kwa sauti ya kuomba. Mkigusa pamoja, mdogo anamwachia mkubwa. Hilo ulilijua, ndiyo maana ulidanganya.

Sasa tufike kwa mama yule. Usijifiche nyumbani. Ukikosa kwenda, mwaka mwingine utazitazama hizo kandambili, na gulio litakosa mnunuzi ambaye hatimaye ameanza kujua anachonunua. Wala usimtumie mtu. Nenda kwake kabla ya siku ya gulio, kwa sababu siku yenyewe atakuwa na kazi, na kuomba radhi mbele ya foleni ni kumtwisha mtu mzima mzigo wa kukusamehe hadharani. Mwambie ulivyosema siku ile haukuwa ukweli, na mche ulikufa. Maneno hayo mawili yanatosha, usiyapambe.

Wala usiende mikono mitupu, na cha kupeleka unacho. Ile Sansevieria haijakushinda. Zile kingo za njano haziko kwenye jani lote kwa namna moja. Ukichomeka kipande cha jani, chipukizi jipya hutokea kwenye sehemu ya ndani iliyo ya kijani, na njano inaachwa nyuma. Hata fundi wa miaka 40 akichomeka jani lile atapata kijani kitupu. Anayetaka watoto wenye njano anagawa mmea wenyewe. Umwage kutoka kwenye chungu, utaona shina nene linalotambaa chini ya udongo, na pale watoto walipoota. Kwa kisu kisafi kata kipande chenye mtoto na mizizi yake. Kiache kivulini siku mbili au tatu mpaka kovu likauke, ndipo ukipande kwenye chungu chenye tundu chini, na maji uyaweke kidogo sana. Ukianza kesho, kitakuwa kimetulia kabla ya gulio, na mmea mama utakushukuru kwa kupata nafasi.

Mpelekee hicho. Na mkishakaa, chai ikishamiminwa, muulize jambo moja ambalo linaniwasha tangu nilipofungua barua yako. Muoteshaji wa siku nyingi, anayeijua nyanya kama mimi ninavyoijua, alikuwa na shida gani na jitu lile lenye matunda kwenye kikopo? Muulize mkono wake ulikuwa pale kwa kulinunua, au alikuwa analiondoa mezani. Jibu langu ninalo; niandikie unitajie la kwake.

Bibi Miche